Bapa moja la Konyagi ni bia ngapi? Na nipa, pombe yetu ya mabibo, je?

Nauza vinywaji hapa Mtwara mjini na kila siku swali ni lile lile, kaka hapo ipi kali? Ikifika msimu wa korosho watu wameshalipwa pesa zao ndo usiseme kabisa. Sasa wengi wakisema kali wanamaanisha ile inayochoma koo, na kuchoma koo hakukwambii umeingiza pombe kiasi gani mwilini, kwaiyo leo nimeona niandike vizuri maana vijana wanaumia kwa kitu ambacho hesabu yake ni ya shule ya msingi.

Unachukua ujazo unazidisha na asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, basi. Bia ya Kilimanjaro ni asilimia 4.5, chupa ya mili 500 ina mili 22.5 za pombe yenyewe, kilichobaki karibu chote ni maji. Safari ni 5.5, inakuja 27.5. Konyagi ni asilimia 35, kwaiyo bapa la mili 200 lina mili 70, yaani umemeza Kilimanjaro tatu na kitu, tena kwa nusu saa wakati hizo bia tatu ungekaa nazo jioni nzima. Halafu mtu anakwambia mimi leo nimegusa kidogo tu, bapa moja. Jamani hiyo sio kidogo! Na mvinyo ule wa asilimia 12, chupa ya mili 750 ina mili 90, watu wanauchukulia poa kwa sababu mtamu, ila utamu haupunguzi chochote.

Ndo maana serikali ilivyopiga marufuku viroba, zile pombe kali za kwenye pakti, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na aliyetangaza alikuwa mtu wa huku huku kusini, Kassim Majaliwa wa Ruangwa akiwa Waziri Mkuu, mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Kale kapakti kalikuwa kanaingia mfukoni, bei ya chini, hata mtoto wa shule ananunua, na ndani mna pombe ya kukaribia bia nzima au zaidi kutegemea ujazo.

Hizo zote angalau zina lebo. Kazi ipo kwenye pombe zetu za nyumbani. Chukua tembo la mnazi, mgema akikata karara na kukinga, lile tembo linaanza kuchachuka hapo hapo juu ya mti, kwaiyo la asubuhi ni tamu halina nguvu, likikaa mpaka jioni limeshakolea, linaweza kukaribia nguvu ya bia, likilala zaidi linaelekea kuwa siki. Kibuyu kile kile, mti ule ule, nguvu tofauti. Na ule msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji wote tunaujua, kwaiyo ongeza na hilo.

Uraka nao hivo hivo, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke. Hapa kuna kikomo, chachu inakula sukari inatoa pombe, ila pombe ikifika kama asilimia 14 au 15 chachu nyingi zinashindwa kuendelea. Kuvuka hapo mpaka uchemshe, na ukichemsha uraka ndo unapata nipa. Pombe inachemka kwenye nyuzi 78, maji nyuzi 100, kwaiyo mvuke wa mwanzo unabeba pombe nyingi, unapita kwenye bomba lililolazwa kwenye maji, unadondoka tone tone. Ya kwanza kutoka ni moto kweli, ya mwisho inakaribia maji. Sasa wewe uliyeletewa glasi unajuaje umepata ya mwanzo au ya mwisho? Hujui, na jana ulikunywa glasi nne ukarudi salama, leo hizo hizo nne zinakuangusha.

Kuna wanaosema wanapima kwa kuwasha moto, ikiwaka bluu ni safi. Hapana ndugu zangu. Kuwaka kunaonyesha ina nguvu tu, methanoli nayo inawaka, na methanoli ndo ile inayopofusha macho na kuua. Kule Goa, India, mabibo kama haya haya wanatengeneza feni, inawekwa kwenye chupa, imepimwa, nyingi zinaandikwa asilimia 42.8, inauzwa dukani mchana kweupe. Mimi natamani sana na mabibo yetu ya Newala na Tandahimba yafike huko, maana mengi yanaozea chini ya mikorosho wakati korosho tu ndo inaokotwa.

Cha mwisho ni kwa madereva, wa boda na wa magari ya Masasi. Ini linatoa kama gramu 7 au 8 za pombe kwa saa, halina haraka, kahawa hailisukumi, kuoga hakulisukumi, madafu pia hayalisukumi. Bia moja ya Safari, zile mili 27.5 za pombe, kwa uzito ni kama gramu 22. Ukianza saa 1 usiku ukapiga tano, hiyo ni gramu 110 hivi, itaisha mwilini kwenye saa 3 asubuhi. Na gari la kwanza limeshatoka alfajiri, wewe ukiwa kwenye usukani.