Zamu Moja ya Mchana Kando ya Inkubeta

Saa moja asubuhi naingia wodi ya watoto njiti, nikiwa nimepambana na msongamano wa Thika Road, na kabla ya kuwasha ultrasaundi nasoma daftari la wauguzi wa usiku nijue nani aliongezewa oksijeni na nani alisahau kupumua. Picha iliyopigwa bila swali hainifai.

Saa mbili na nusu, daktari bingwa anasimama kwa watoto wawili waliozaliwa kabla ya wiki ya 28, ambao sasa wamefikisha wiki 36 tangu mimba na bado wanategemea oksijeni. Faili zote mbili zimeandikwa ugonjwa sugu wa mapafu, ule uliopewa jina mwaka 1967, na eksirei zao zina ukungu unaofanana.

Saa tatu napasha jeli joto, kwa kuwa mtoto wa kilo moja na nusu hupoa haraka, kisha napima sehemu tatu za kila pafu, kila sehemu ikipewa alama 0 (pafu zuri) hadi 3 (lililoathirika zaidi), hivyo jumla haizidi 18. Mtoto wa kwanza ana hewa nzuri kifuani, ila mgongoni pafu limesinyaa. Tunakubaliana alazwe kifudifudi huku akiangaliwa, na shinikizo la hewa puani lisipunguzwe upesi. Kwa wa pili, mistari myeupe imetapakaa pande zote. Huenda ni maji, huenda ni uvimbe au kovu, na ultrasaundi peke yake haiwezi kuamua, kwa hiyo naomba apimwe moyo, tujue kama mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ungali unamwaga damu mapafuni. Kumwandikia dawa ya kupunguza maji kabla ya jibu hilo ningeona ni haraka mno.

Saa saba mama wa mtoto huyo wa pili ananiuliza, “Daktari, miale hiyo haitamdhuru?” Mimi ni mpiga picha tu, lakini wodini sote ni madaktari. Namjibu, “Mama, hii hutumia mawimbi ya sauti, haina miale.”

Mchana wote tunamjadili mtoto wa tatu, mkubwa kidogo, ambaye tunashuku hewa imenaswa ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo ultrasaundi haifiki kwa sababu hewa huyarudisha mawimbi yake. Picha ya CT, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ingeonyesha, lakini ina miale. MRI, inayotumia sumaku, haina, ila huchukua muda na hutaka mtoto atulie, ingawa watafiti wa Cincinnati, Marekani, wameifanya kwa watoto wachanga waliolala bila dawa ya usingizi. Daktari anaamua CT ya kiwango kidogo cha miale, kwa kuwa jibu lake litabadilisha mpangilio wa mashine ya kupumulia.

Saa kumi na moja jioni naandika ripoti, na ya mtoto wa pili naiacha wazi hadi majibu ya moyo yafike.