Siku Moja Maishani Mwangu: Krismasi ya Kunong'ona

Saa 11:20 alfajiri. Kidole kinanichokonoa jicho. "Baba, imefika?" Mdogo ana miaka mitatu, na tangu Desemba ianze anaamini Krismasi ni mtu anayekuja na basi. Mama yao hayupo. Ni muuguzi, aliingia zamu ya usiku jana jioni wakati majirani wanajiandaa kwenda mkesha. Ndiyo maana mwaka huu hatukupanda Moshi kwa wazazi wangu, wakati nusu ya mtaa wetu hapa Kimara imeshapanda na kuacha makufuli getini.

Saa 12. Kuoga, mafuta, nguo mpya. Viatu vya mkubwa nilivinunua Kariakoo kwa kijiti tulichompimia mguu mwezi wa kumi, na kijiti hakikui. Namuuliza kama vinabana. "Havibani kabisa," anasema, huku anatembea kama kuku aliyefungwa kamba.

Saa 1. Ibada ya kwanza. Mkubwa yuko darasa la kwanza na amepewa mstari wa moyo, Luka 2:7. Tumeukariri wiki mbili mpaka mdogo wake ameushika. Anashika maiki kwa mikono miwili, anaanza vizuri: kifungua mimba, nguo za kitoto, hori ya kulia ng'ombe. Halafu anakwama. Anatazama juu. Anatazama viatu. "Kwa sababu hawakupata nafasi... gesti."

Kanisa zima likalipuka. Mzee wa kanisa alitoa leso kujifuta macho. Binti yangu akadhani anapongezwa, akainama kama mwanamuziki. Bahati nzuri nilikuwa narekodi.

Saa 3:45. Viatu vya mama viko mlangoni. Mezani kuna karatasi: "Niamsheni saa 9. Msimalize nyama."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, ukikohoa jikoni mtu wa chumbani anakwambia pole. Na zawadi ya mdogo, niliyoichagua mwenyewe kwa akili zangu timamu, ni gari la polisi lenye king'ora.

Amelifungua chini ya mti. (Mti wetu ni tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga, juu tumebandika pamba eti theluji. Humu ndani aliyewahi kuona theluji ni mimi tu, tena kwa mbali, kileleni Kibo, nikichunga mbuzi wa babu.) King'ora kililia mara moja tu. Nilimpora gari, nikachomoa betri tatu, nikazitia mfukoni. "Limekesha kazini," nikamnong'oneza. "Limelala kama mama." Alilitazama kwa heshima. Kisha akachukua khanga, akalifunika.

Saa 5. Pilau, kilo mbili za mchele wa Kyela, nje kwenye jiko la mkaa ili vyombo visigongane ndani. Nakaanga vitunguu, nanyoosha mkono nichukue viungo, sauti inatoka ng'ambo ya ukuta: "Shemeji, hicho kitunguu bado! Kiache kipate rangi, utatupikia wali wa njano!" Mama jirani hanioni, ananusa tu. Nikakiacha. Ndipo vikafuata kitunguu saumu na tangawizi, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu chache. Maji yalipokauka nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Saa 7. Sahani ya kwanza inaenda kwake. Kuku hawa wawili walichinjwa jana na mume wake, kama kila mwaka tangu tuhamie hapa. Wao ni Waislamu, na mimi nikichinja, sahani itaishia ukutani. Mkubwa anaipeleka peku, viatu ameviacha kwa hiari bila kunieleza sababu. Sahani haikurudi tupu: sambusa sita. Zilifika nne.

Saa 8. Watoto wa mtaani wanapita na nguo zao mpya, wanadai sikukuu yao kwa sauti kubwa. Nawakimbilia getini na pakiti ya pipi, kidole mdomoni. Sasa nao wananong'ona. Watoto kumi na moja wakinong'ona wana kelele kuliko wakipiga kelele.

Saa 9. Hakuna wa kumwamsha. Amekaa kitandani, khanga begani, anatuuliza mbona nyumba kimya hivi siku ya Krismasi. Mkubwa anapanda kitandani na kutoa mstari wake wote bila kosa, mpaka "nyumba ya wageni". Mama anapiga makofi. Ndipo nikamwonyesha video, akacheka mpaka akajilaza tena.

Mdogo amemletea gari likiwa bado limefunikwa. Mama analifunua, analigeuza, anabonyeza kitufe. Anabonyeza tena.

"Baba watoto, hili si lina king'ora? Mbona halilii?"

Wote watatu wakanitazama. Nikatia mkono mfukoni.