Siku ya nyanya

Saa 12 asubuhi. Niko shambani kwa jirani, umande haujakauka. Nachuma nyanya za kuhifadhi chupani, zilizoivia mtini tu, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Hizi hazijui safari. Ukizirundika, za chini zinapasuka. Zile za mashamba makubwa mara nyingi huchumwa zingali kijani, ngumu za kuvumilia lori, kisha huivishwa ghalani kwa gesi ya ethilini. Rangi huja. Ladha haiji.

Saa 2. Kuchambua. Zenye ukungu naziondoa, na zile za mche uliokwisha kufa nazo naziondoa, kwa kuwa ukali wake hupungua.

Saa 3. Maji yanatokota. Nyanya zinaingia kwa dakika moja hivi, halafu kwenye maji baridi, na ganda linatoka lenyewe. Kazi hii naipenda kuliko zote, ingawa vidole vinawasha hadi jioni.

Saa 5. Nimeziponda na kuzichemsha, sasa nazijaza chupani zingali moto. Hapa ndipo sitaki mzaha. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hupenda mahali pasipo hewa, na sumu yake haina harufu. Chini ya pH 4.6, yaani penye ukali wa kutosha, hawezi kukua, lakini nyanya huchezea mpakani hapo hapo. Kwa hiyo kila chupa ya lita moja inapata vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani. Ya kukamua mwenyewe ukali wake haukadiriki. Wapo wanaosema bibi zao hawakuweka limau na hawakufa, mimi naweka.

Nimeacha nafasi kidogo juu, nikafuta midomo ya chupa, nikafunga.

Saa 6 mchana. Chupa zimezama sufuriani, maji yamezifunika. Dakika 45 tangu yachemke. Wanaoishi milimani huongeza muda. Moja imepasuka chini, kosa langu: nilisahau kuipasha moto. Supu nyekundu sufuria nzima.

Saa 8. Zimepangwa juu ya taulo, hazisogezwi hadi kesho. Nakaa kimya nikisikiliza vifuniko vikishika. Tak. Tak.

Saa 1 usiku. Kifuniko kimoja bado kinabonyea nikikigusa. Hakijashika, basi chupa yake haiendi stoo. Naifungua, namimina kwenye kitunguu kinachokaanga, na chakula cha leo kimepatikana.