Nilivyosanifu Mfumo wa Kunyunyizia Mizizi ya Viazi vya Mbegu

Katika Nyandarua, nchini Kenya, kama kwingineko viazi vinakolimwa kwa wingi, ugonjwa wa mnyauko bakteria hukaa ardhini na kuhamia mashamba mapya ukiwa ndani ya mbegu. Kwa sababu hiyo niliamua kuzalisha viazi vidogo vya mbegu bila udongo, mizizi ikining'inia gizani ndani ya kasha na kunyunyiziwa maji yenye virutubisho, njia ambayo Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru, kilisaidia kuieneza Afrika Mashariki.

Kilichonishughulisha zaidi ni umeme. Mzizi ulio hewani hauna akiba ya maji, hivyo pampu ikizimika mchana wa jua kali, miche huanza kunyauka upesi. Wengi hununua jenereta. Mimi niliona ni gharama inayosubiri mtu wa kuiwasha. Badala yake niliweka tangi la shinikizo kati ya pampu na mabomba. Pampu hulijaza hadi shinikizo la baa 6 hivi na kupumzika, kisha vali ya umeme inayoendeshwa na betri ya volti 12, ambayo huchajiwa na paneli ya sola, hufunguka kwa sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa. Stima ikikatika, shinikizo lililohifadhiwa huendelea kunyunyizia, nami hupata muda wa kutosha kushughulikia tatizo. Faida nyingine ni kwamba pampu haiwashwi na kuzimwa mchana kutwa.

Vali niliiweka karibu na nozeli, yaani vichwa vidogo vya kunyunyizia, kwa kuwa bomba refu baada ya vali hudondosha matone mazito badala ya ukungu, na matone mazito huilowesha mizizi hadi ikakosa oksijeni. Nililenga matone ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 30 hadi 80. Bomba la nozeli nililiunganisha likawa duara, maji yakiingia kutoka pande mbili, ili nozeli ya mbali isipungukiwe na shinikizo.

Kuhusu uchujaji sikubana matumizi hata kidogo, maana tundu la nozeli ni dogo mno na maji yanayorudi kwenye tangi la virutubisho hubeba vipande vya mizizi. Uchafu mwingine huzaliwa ndani ya virutubisho vyenyewe: nitrati ya kalsiamu ikichanganywa na salfeti au fosfeti kabla ya kuzimuliwa kwa maji mengi, hutokea chenga nyeupe zisizoyeyuka. Kwa hiyo mimi huziyeyusha katika ndoo mbili tofauti na kuzikutanisha tangini tu, ndani ya maji mengi, kisha hurekebisha pH, yaani kipimo cha uasidi, ikae kati ya 5.5 na 6.5.

Ubavuni mwa kasha nilitengeneza milango ya plastiki nyeusi inayofunguka kwa juu, kwa sababu viazi hivi havivunwi kwa mkupuo; huchumwa kimoja kimoja vinapofikia ukubwa unaofaa, na mmea huendelea kuzaa. Kila mlango una swichi inayozuia vali kufunguka wakati wa kuchuma, na huufunga mara tu ninapomaliza sehemu hiyo.