Nilivyojifunza kucheza kiungo mkabaji

Wasichana wengi wanaokuja mazoezini hapa Eastlands, Nairobi, wanataka kucheza mbele. Nawaelewa. Mabao ndiyo yanayotangazwa, na tangu Jentrix Shikangwa afunge yote mawili Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walipoilaza Tanzania 2-0 katika fainali ya CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, ya 2019, kule Dar es Salaam, kila mtaa una Shikangwa wake. Mimi pia nilianza kama winga. Lakini nafasi iliyonipa maisha ya soka ni ya katikati, mbele ya mabeki, na naona hakuna anayewaeleza hawa wadogo jinsi ya kuijifunza.

Soka nililianzia Mathare, chini ya MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza 1987. Kule timu ya watoto ilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, si kwa kushinda mechi peke yake, kwa hivyo tulizoea mapema kufanya kazi ambayo hakuna anayeishangilia. Nilikuwa na mbio. Nilipofika ligi kuu nikakuta mabeki wenye mbio kunishinda, na kocha akaniita kando.

"Kuanzia leo unacheza katikati."

"Kocha, huko si nitapotea?"

"Hutapotea. Jua tu ni nani yuko nyuma yako kabla mpira haujakufikia."

Winga ana mstari wa pembeni mgongoni, hakuna anayemjia kutoka huko. Kiungo anajiwa kutoka kila upande. Mpira ukimfikia kabla hajajua nani yuko wapi, amechelewa, hata awe na miguu ya dhahabu. Ndiyo sababu nilianza na shingo kabla ya miguu. Jioni nilikuwa nikipiga mpira kwenye ukuta wa ploti yetu, mdogo wangu akisimama nyuma yangu na kuinua vidole. Kabla mpira haujarudi, niwe nimegeuka, nimeona, nimetaja idadi. Majirani waliokuja kuanua nguo walidhani tumepatwa na kichaa. Mwanzoni nilitaja sawa lakini mpira ukanipita. Baadaye nikaudhibiti mpira lakini idadi nikabahatisha. Viwili hivyo vilichukua muda mrefu kukaa pamoja.

Kwenye mechi nikagundua jambo ambalo ukuta haukunifundisha: wakati mzuri wa kuchungulia ni pale mpira unapotoka kwa mwenzako mmoja kwenda kwa mwingine. Mpira ukiwa njiani hivyo, hakuna anayeweza kuugeuza, kwa hivyo una nafasi ya kutazama kwingine. Ukisubiri hadi uelekezwe kwako, macho yatabaki kwenye mpira. Kisha simama nusu ubavu, upokee kwa mguu ulio mbali na adui, na tayari umegeuka. Aitana Bonmatí wa Barcelona, aliyetwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani, 2023 na 2024, mtazame kwenye simu yako siku moja bila kufuata mpira. Mfuate yeye tu, uone kichwa chake kinavyozunguka.

Viwanja vyetu vina somo lao. Kwenye uwanja wa udongo wa murram mpira hudunda kwa kokoto na kubadilisha nia dakika ya mwisho, kwa hivyo mguu lazima ulegee, na pasi iwe fupi. Camp Toyoyo kule Jericho ni nyasi bandia. Mpira unateleza kwa kasi, na jua la mchana linauchoma mguu hadi ndani ya daluga. Wiki moja unacheza huku, wiki nyingine kule, nami hufika mapema nipige pasi kadhaa ili miguu izoee kabla ya kipenga.

Riziki ilikuwa kazi nyingine. Klabu yangu ya kwanza ilinipa nauli, tena si kila mara. Alfajiri nilikuwa soko la Gikomba nikimsaidia mama kufungua belo za mitumba, alasiri niko mazoezini. Nikijua Jogoo Road itakuwa imefungamana, nilitoka sokoni mapema na mama akabaki na wateja peke yake. Hakuwahi kunilalamikia. Kila siku aliniwekea omena na ugali kwenye mkebe, akisema, "Kula, mwanangu, huwezi kukimbizana na watu na tumbo tupu." Bila yeye nisingefika popote, na nataka lisomwe hivyo hivyo.

Corazone Aquino, kiungo aliyetoka klabu ya Gaspo hapa Nairobi akasajiliwa na Simba Queens ya Tanzania, alinifungua macho kwamba mchezaji wa nafasi yangu anaweza kutakiwa nje ya nchi. Hapo nikaanza kudai maandishi. Mkataba wangu wa sasa unataja mshahara, tarehe ya kulipwa, na nani atagharamia matibabu nikiumia goti. Hilo la goti nililisisitiza zaidi, kwa sababu nimeona wenzangu wakichangiwa hela za upasuaji kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa ninafanyia kazi pasi ndefu ya mguu wa kushoto, ile ya kuhamisha mchezo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wapinzani wameshanijua, wananibana kulia. Mdogo wangu amekuwa mtu mzima, lakini nikimwomba bado anakuja kusimama nyuma yangu na kuinua vidole.