Ejekta ya maji inafanya kazi Arusha, msidanganywe

Kila mtu aliniambia nisihangaike na ejekta ya maji, kifaa kinachonyonya hewa kwa mkondo wa maji, ninunue pampu ya vakyumu (ya kuondoa hewa ndani ya chombo). Leo sufuria yetu ya kupunguzia maji kwenye juisi ya matunda, hapa Njiro, inachemka kwa nyuzi 50 tu kwa sababu hewa imenyonywa ndani, na juisi haiungui.

Mvuke wa juisi hugeuka maji kwenye kondensa, lakini hewa inayopenya kwenye maungio haigeuki. Isipotolewa hujazana mle ndani na kuuzuia mvuke usipoe. Ejekta huitoa: pampu inasukuma maji kwa bar 4 kupitia nozeli, yaani tundu jembamba, yanachomoka karibu mita 30 kwa sekunde, yanaikokota hewa hadi kwenye koo, bomba jembamba lililo mbele ya nozeli, na kuimwaga tangini. Nozeli ya shaba ya milimita 10 nilichongewa mtaani Unga Limited kwa bei ya maelewano. Koo nikalifanya refu, zaidi ya mara 20 ya kipenyo chake, maana kwenye koo fupi maji na hewa havishikani.

Ndipo mwenye kiwanda akaleta mtaalamu kutoka pwani. Bwana yule alikuta geji ya vakyumu inasoma milimita 500 za zebaki, akasema ejekta imekufa, za kwao zinafika 700. Akaitanua nozeli hadi milimita 14! Tundu hilo linataka maji karibu mara mbili. Pampu ikazidiwa, presha ikaanguka, vakyumu ikapotea kabisa. Akaandika tununue mashine ya mamilioni.

Nilichonga nozeli nyingine ya 10, geji ikarudi 500, nikamwita mwenye kiwanda.

"Mzee, Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu yote ni kama milimita 640 za zebaki, siyo 760. Hiyo 700 itoke wapi?"

Geji ikisoma 500, ndani zimebaki kama 140, na kwa mgandamizo huo maji huchemka karibu nyuzi 59. Nikamwonyesha kipimajoto cha sufuria: 59. Alikiangalia kwa muda mrefu, kisha akaikunja ile karatasi ya bei.

Kupata nyuzi 50 tulihitaji geji isome 550, na kizuizi kilikuwa maji ya simtanki yanayoendesha ejekta. Yakizunguka mchana kutwa yalifika nyuzi 42, na maji ya joto hilo yana mvuke wenye mgandamizo wa milimita 61. Ejekta ikawa inahangaika na mvuke wake yenyewe. Nilijenga mnara wa mbao wa kuyapoozea, yakashuka hadi 25, ambako mvuke ni 24 tu. Sindano ikapanda ikapita 550.

Mvujo wa hewa utafuteni kwa moshi wa udi kwenye kila flanji, yaani maungio ya mabomba. Unapovutwa ndipo penye tundu. Na bomba la kunyonyea liwekeeni valvu ya njia moja, kwa sababu umeme ukikatika maji ya tangi hurudi moja kwa moja kwenye juisi.