Mashindano ya pilkki kwenye barafu ya Päijänne

Usiku wa kuamkia mashindano ya kuvua samaki juu ya barafu ya ziwa Päijänne, Ufini, Machi 2018, kazi yetu kubwa ilikuwa visu vya keekee. Keekee ya barafu ni fito ya chuma yenye utepe uliojipinda kuanzia chini hadi katikati. Mwishoni ina visu viwili vilivyokazwa kwa skrubu, na juu mpini wa kuzungushwa kwa mikono miwili. Yangu hutoboa shimo la milimita 110. Zipo za 130 na 150, lakini shimo la 150 lina barafu karibu mara mbili ya lile la 110, na siku ya mashindano mtu hutoboa mashimo mengi. Kinachoharibu visu mara nyingi ni mchanga unaobebwa na viatu kutoka maegesho ya magari. Chembe chache zinatosha. Tukafunga visu vipya, tukavivisha ala ya plastiki. Ala hiyo haivuliwi mpaka uwe umesimama mahali pa kutoboa, kwa sababu makali yale yanapasua suruali na paja kwa pamoja.

Huku Ufini uvuvi huu wa fimbo fupi juu ya barafu huitwa pilkki, na mtu haulipii leseni. Tulilipa kiingilio tu, mimi na mwenzangu wa Uvira aliyekulia kwenye uvuvi wa Tanganyika.

Chambo kilikuwa cha aina mbili: funza weupe wa inzi, na funza wadogo wekundu wa visubi wasiouma, ndugu wa wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Wale wekundu wakiganda hawafai tena. Hukaa ndani ya kikasha cha mbao kwenye mfuko wa shati, chini ya koti, na hutolewa wachache wachache.

Kila mmoja wetu alikuwa na fimbo tatu, zote fupi kuliko mkono. Ya kwanza ilikuwa na kipande chembamba cha metali inayong'aa, chini yake mnyororo wa sentimita mbili na ndoano, kwenye mshipi wa milimita 0.16. Ya pili ilikuwa na tone dogo la tangsteni lenye ndoano, mshipi wa 0.10, na ncha laini inayotikisika samaki akigusa tu. Ya tatu ilikuwa na samaki bandia anayelala mlalo majini na kuzunguka akiinuliwa, aina ya Jigging Rap ya Rapala. Kanuni iliruhusu fimbo moja tu majini kwa wakati mmoja. Sababu ya kubeba tatu ni vidole: asubuhi ile ilikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri, na kufunga fundo upya kwa vidole vitupu katika baridi hiyo kunakula dakika nzima nzima, huku jirani anavuta samaki.

Ghuba yenyewe iko kusini ya Jyväskylä. Barafu ilikuwa na unene wa nusu mita. Sentimita kama 15 za juu zilikuwa nyeupe, theluji iliyoloa ikaganda, na chini yake barafu angavu. Ile nyeupe hubeba kama nusu tu ya uzito unaobebwa na ile angavu. Kwa mtembea kwa miguu sentimita 10 za barafu angavu zinatosha, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Hata hivyo kila mtu alining'iniza shingoni misumari miwili yenye vishikio, ya kujikokota ukitumbukia, maana penye matete na penye mlango wa kijito barafu huliwa kwa chini bila kuonekana.

Filimbi ililia saa nne asubuhi, mwisho saa nane mchana. Päijänne ndilo ziwa lenye kina kikubwa kuliko yote Ufini, mita 95, lakini ahven wa Machi hawatafutwi huko. Ahven ni samaki wa mistari myeusi na mapezi mekundu, mdogo sana ukimlinganisha na sangara wetu. Majira ya baridi kali hukaa kwenye maji ya kina, penye joto la karibu nyuzi 4, kwa kuwa maji ya nyuzi hizo ndiyo mazito zaidi na huzama. Siku zikirefuka, huanza kupanda mteremko. Nikaanza kwenye mita tatu.

Kutoboa hakutaki nguvu. Visu vikiwa vikali, uzito wa mikono unatosha. Ukikandamiza, keekee huuma na kukwama. Ikipenya, ivute moja kwa moja juu bila kuizungusha kinyume, ili ipande na vipande vya barafu, halafu uondoe vilivyobaki kwa upawa wenye matundu. Teremsha chambo mpaka chini, pandisha sentimita kumi, inua kwa haraka, acha ishuke, tulia sekunde tatu. Ahven huvutwa na mng'ao lakini huuma wakati wa utulivu.

Dakika mbili bila kuguswa, hama. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyolelewa, lakini mashindano haya humwadhibu mvumilivu. Kundi la ahven likiwa chini yako utajua mara moja. Lisipokuwepo, kukaa hakuliiti. Kwa hiyo nilitoboa mashimo kumi kwa mstari, kutoka maji mafupi kwenda marefu, kisha nikarudi kuyapima moja moja. Mwendo wa pili huwa bora kuliko wa kwanza, kwa sababu kelele ya keekee imekwisha.

Kwenye shimo la sita walikuwepo, wa gramu 30 hadi 50. Hapo hupotezi muda kuzungusha gurudumu la fimbo. Mshipi huvutwa kwa mikono na kulazwa juu ya barafu tupu, si kwenye theluji laini, kwa sababu punje za theluji hushikamana na mshipi uliolowa na kufanya vifundo. Samaki huingia mfukoni papo hapo; ukimwacha wazi, majirani wanasogea mpaka mita tano, umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa. Mzee mmoja karibu yangu alikatikiwa akivuta samaki mzito: mshipi wa 0.10 ulisugua ukingo wa chini wa shimo, ambao ni mkali. Dawa yake ni kuzamisha ncha ya fimbo majini mpaka kichwa cha samaki kiingie shimoni.

Ghafla samaki wakanyamaza, hakuna aliyeuma. Mwenzangu alikuwa akipita na keekee begani.

“Kaka, wadogo wakinyamaza, ujue mukubwa amepita chini.”

Nikashusha ile fimbo ya tatu, na mara ya nne kuinua akauma wa gramu zaidi ya 400. Mmoja huyo alikuwa na uzito wa wadogo kumi.

Saa saba na nusu nikafunga mzigo, kwa kuwa anayevuka mstari baada ya filimbi ya mwisho hapimiwi. Mpimaji alimimina kila mfuko kwenye kikapu chenye matundu na kuukung'uta, maana theluji iliyoganda kwenye magamba huongeza uzito. Nilipata kilo 2 na gramu 340. Mshindi, mama mmoja mstaafu, alipata zaidi ya mara mbili yangu. Nilimuuliza alitoboa mashimo mangapi. Akasema baada ya arobaini hakuhesabu tena, akanionyesha visu vya akiba kwenye begi: saa sita vile vya kwanza vilianza kutoa unga badala ya vipande, akavibadili palepale, akaendelea.